Kavoi Alipofungiwa

Jumatatu ile steji ya Kawangware 56 ilikuwa tupu kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Makanga hawakuwepo, mama wa mayai hakuwepo, na mbwa mmoja alikuwa amelala katikati ya lami, mahali ambapo siku nyingine angekanyagwa kabla hajakunja mkia. Moshi wa matairi ulipita juu yake polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika. Matokeo ya kura yalikuwa yametangazwa jana yake jioni. Wakubwa wawili walitaka kiti kimoja, na sisi tuliopanga foleni tangu alfajiri, vidole bado vina wino, tukaambiwa tukae ndani tungoje wamalize.

Mimi nilingoja na nyundo mkononi. Mimi ni fundi wa milango, ile ya mabati na mbao ya ploti za kupangisha, na asubuhi hiyo nilipigilia komeo nje ya mlango wa Kavoi, ndugu ya marehemu mke wangu. Nikatia kufuli. Ufunguo nikauweka mfukoni mwa shati. Kavoi alikuwa ndani.

"Bwana asifiwe," akasema Urbanus.

"Asifiwe," nikajibu, misumari bado iko mdomoni.

Urbanus ni muuza makaa wa Mwala, na ndiye mzee wa ushirika wa maombi katika ploti yetu ya vyumba kumi na bomba moja. Katika ushirika wake mlevi hufungiwa. Siku tatu, maji peke yake, na watu wanapokezana kuimba nje ya mlango mpaka kile kilichomshika kichoke. Wekulo wa chumba cha saba alifungiwa hivyo Pasaka, na tangu siku hiyo anakunywa chai tu na kutusumbua na ushuhuda.

"Mungu mwenyewe amefunga bomba la pombe," Urbanus akasema. "Akina mama pima wa chang'aa wamekimbia, mabaa yamefungwa, barabara imefungwa. Miaka kumi na moja tumeomba nafasi kama hii, ndugu Nyamai."

Miaka kumi na moja ndiyo Kavoi alikuwa akinywa kila siku ya Mungu. Si kunywa kwa sherehe. Alikuwa akiamka, anakunywa glasi ya kwanza ili mikono itulie afunge viatu, ndipo aende mjengoni kubeba mawe. Tulipomwambia habari ya kufungiwa hakukataa. Alituangalia mmoja mmoja na macho yake ya maji.

"Fungeni," akasema. "Hata mimi nimechoka kuishi na huyu mtu."

Ningesema nilipiga lile komeo kwa ajili ya kumwokoa, ningekuwa nadanganya. Miaka miwili nyuma tuliishi Kibera, Soweto East, mimi na Nthenya. Siku moja Kavoi alipata kibarua cha mwezi mzima, akaja na chupa ya soda imejaa chang'aa ili asherehekee na dada yake. Akamimina glasi mbili. Kabla hajagusa yake akalala kwa kiti, maana alikuwa amejaza tumbo kwingine. Nthenya hakuwa mnywaji. Alikunywa yake kwa furaha ya ndugu yake, halafu akaona ile nyingine itapotea bure, akainywa pia. Kesho yake saa sita mchana, jua liko wazi kabisa, akaniuliza: "Nyamai, nani amejaza nyumba pamba?" Kwao Kitui walilima pamba. Nikamwambia alale, pombe itamtoka. Akalala, na hakuamka.

Ile kitu haikuwa chang'aa. Ilikuwa spiriti ya kiwandani, ya kuoshea rangi, mtu aliimwagia humo ili ikolee. Mkubwa mmoja wa eneo alijua, kwa sababu vijana wake walipita kila Ijumaa kuchukua bahasha. Baada ya mazishi walikuja na kamera, wakamwaga mapipa mtaroni, wakapigwa picha wameshika pua, wakarudi kwao kunywa ile yao yenye kifuniko na stika. Hakuna hata mmoja aliyesimama sokoni akasema: mtu akiona ukungu machoni, mkimbizeni hospitali, bado kuna nafasi. Kumwaga ni rahisi. Kuambia watu ndiyo kazi.

Basi wao siwezi kuwafikia, wako na walinzi. Kavoi nilimfikia. Nilipokuwa napiga misumari nilisikia raha mikononi, hiyo nakubali.

Jumanne alianza kutetemeka. Kuta za ploti ni mabati, ukikoroga chai jirani anajua sukari ni ngapi, na kitanda chake kiligonga ukuta wangu tangu alfajiri kama mvua inayokataa kuamua. Akina mama wa ushirika waliimba. Kabla ya saa sita alisema kuna siafu wanapanda ukutani. Urbanus akafurahi, akasema pepo zinatoka. Kisha wakaenda kutafuta unga, maana duka lilisemekana litafunguliwa nusu saa, na zamu ikaniangukia mimi. Nikakaa kwenye debe, mgongo kwa mlango.

Alasiri ilikuwa tulivu kwa namna ambayo Nairobi haijui. Mbali sana mlio wa risasi, au bati limeanguka. Jua lilipita kwenye matundu ya misumari likaingia chumbani kwa Kavoi, najua kwa sababu nilikuwa nimeyatoboa mwenyewe, na nilifikiria vile visindano vya mwanga vimesimama ndani kama nyasi.

"Ingia basi, usisimame mlangoni," Kavoi akasema.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayekaribisha mgeni.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Si ni Nthenya. Unamzuia na hiyo kufuli yako. Ndiyo huyo, ameingia."

Nikacheka kwa pua. Mlevi ni mlevi. Lakini mdomo wangu ukauliza bila kuniomba ruhusa: "Amevaa nini?"

"Leso ya kijani. Ile ina ndege, kanga, wamefuatana pembeni." Akawa anasikiliza. "Anasema pamba imeisha. Wamevuna yote, hata ile ya kando ya mto."

Nyundo ilikuwa mapajani, ikateleza ikaanguka. Yale maneno ya pamba sikuwahi kuambia mtu. Sikumwambia mama yake, sikumwambia kasisi, hata binti yetu Mutheu aliye kwa nyanya yake Kitui sikumwambia. Kavoi alikuwa amelala kwa kiti akikoroma siku hiyo.

Nikageuka, nikaweka sikio kwenye mlango. Bati lilikuwa na joto kama shavu.

"Muulize kama aliumwa," nikasema.

"Anasema haikuuma. Ilikuwa nyeupe tu."

"Muulize kama ananilaumu."

Kavoi akacheka kicheko kidogo, cha mtu anayecheka pamoja na mwingine. "Anasema wewe unapenda sana kuuliza, na ukiulizwa unakasirika."

Hiyo ilikuwa Nthenya kabisa. Miaka miwili nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa akinitania. Nilikuwa nimemweka kwenye kaburi na kwenye hasira, na kumbe alikuwa na mdomo. Tukakaa hivyo watatu, mmoja ndani, mmoja nje, na mmoja mahali nisipopajua. Kavoi alinipa maneno yake kidogo kidogo. Alisema mama yao kule Kitui ameota jino jipya. Alisema huko aliko milango haina komeo, na amewaambia mume wake ni fundi, wamecheka. Akina mama waliporudi niliwaambia waende wapike, nitakaa zamu zote. Wakanisifu kwa moyo wangu.

Hapo ndipo Nasipwondi akaja.

Nasipwondi ni Mbukusu wa ng'ambo ya barabara, mhudumu wa afya wa mtaa. Kliniki ilimfundisha wiki mbili, ikampa mkoba na fulana, mshahara ikasema utakuja. Hajauona. Yeye hufuata walevi huko huko kwenye mapango yao, hawafukuzi, hawamwagii. Anawaambia kuleni kwanza. Kunyweni maji katikati. Usinywe peke yako. Ukiona ukungu usilale, piga kelele. Wanamwita mwalimu wa walevi, na Urbanus husema huyo mama anafundisha watu kutenda dhambi kwa akili. Mimi nilikuwa sijawahi kumwambia, lakini mara ya kwanza kumsikia akisema ile ya ukungu niliingia chooni nikakaa huko hadi nikatulia.

"Baba Mutheu, sasa," akasema. "Napitia watu wangu wote. Kavoi simwoni."

"Ametoka."

"Ametoka wapi na watu wanakatana?"

"Kwa rafiki yake, mtaa wa Congo. Si unaona kufuli."

Aliiangalia. Ndani kulikuwa kimya kama kaburi.

"Amekunywa lini mara ya mwisho?"

"Nitajuaje? Mimi si mama pima."

"Sikia, na usinicheke. Pombe imekatika ghafla mtaani, na hiyo inaniogopesha kuliko hizo mawe. Mwili ya Kavoi imezoea miaka mingi. Apunguze, lakini asikate mara moja. Mtu kama yeye akikata hivyo anatetemeka, anaona vitu, halafu anashikwa na degedege. Wengine hawarudi. Ukimwona, mlete kwangu hata kama amelala."

"Nitamwambia," nikasema.

Akaenda. Nikasikia mkoba wake ukigonga paja hadi kwenye lango.

"Tulinyamaza," Kavoi akanong'ona kutoka ndani. "Nthenya amesema kuna mgeni."

Kwa hiyo nilikuwa nimeambiwa. Hilo silifichi. Tangu saa kumi ya jioni hiyo nilijua kile kinachokuja, na ufunguo ulikuwa hapa, kwenye kifua changu. Nilijiambia Urbanus ameona wengi wakitoka wazima. Nilijiambia yule mama alisomea wiki mbili tu. Nilijiambia mambo mengi. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa sijamaliza kuongea na mke wangu.

Jumatano jua lilipotoka sauti ya Kavoi ilikuwa imekonda.

"Shemeji. Nthenya anasema twende. Mto umejaa lakini anajua mahali pa kuvukia."

"Mwende wapi?"

"Kwani wapi. Ameshanishika mkono."

"Mwambie angoje kidogo."

"Anasema wewe baki. Wewe una kufuli yako."

Halafu visigino vikaanza kupiga bati, haraka haraka, kama mtu anayekimbia amelala. Kikaanguka kikombe. Halafu hakuna kitu.

Ufunguo ulikataa kuingia, au mkono wangu ulikataa. Nikaingiza meno ya nyundo chini ya komeo. Mimi ndiye niliyelipiga na nilijua ni wapi lina udhaifu, likatoka na ubao wake. Kavoi alikuwa sakafuni, povu mdomoni limechanganyika na damu ya ulimi, macho yamegeuka. Nikapiga kelele jina la Nasipwondi mpaka ploti nzima ikatoka.

Alimlaza ubavu, akamfungua kola, akamsafisha mdomo. Aliangalia mlango uliovunjika, akaangalia kufuli bado inaning'inia, akaniangalia mimi.

"Congo," akasema.

Urbanus alifika na Biblia kwapani. Alipoelewa tunataka kumtoa tumpeleke kliniki alisimama mlangoni. "Siku ya tatu ndiyo hii. Mnataka kumvuta mtu nyuma akiwa amefika kizingitini? Mimi mwenyewe nilifungiwa, mwaka wa tisini na nane, nikatoka mzima."

"Mzee Urbanus," Nasipwondi akasema bila kuinua kichwa, "wewe ulikuwa unakunywa siku gani?"

"Jumamosi. Na Jumapili nyingine."

"Na Wekulo?"

Wekulo alikuwa nyuma yangu. "Mwisho wa mwezi," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi nyinyi mlifungiwa mkakosa raha. Huyu amefungiwa akakosa kitu damu yake inasimamia. Si mtu mmoja."

Urbanus akashuka kizingiti.

Nasipwondi alitumia kredo yake ya mwisho kumpigia muuguzi wa kliniki aliyemfundisha. Niliisikia ile sauti ikitoka kwa simu kama nyuki kwenye kopo: huyo mtu ni wa kulazwa, dawa yake iko hapa. Lakini barabara ya kuja ilikuwa na mawe na moto, na watu wawili waliojaribu na mkokoteni walirudishwa na mapanga. Ambulensi hakuna. Jumatatu niliona moja, ilikuwa inafuata msafara wa mkubwa fulani, kama mkubwa angepata kizunguzungu. Muuguzi akasema: kama leo haiwezekani kabisa, akiamka na akiweza kumeza, msimwache akauke. Pombe kidogo, ya kumshikilia tu, na maji, na uji wa sukari. Asiachwe peke yake hata dakika. Barabara ikifunguka mje mbio, hiyo si tiba.

"Pombe iko nyuma ya vyoo," jirani mmoja akasema. "Kuna jamaa ameleta mtungi."

"Hiyo hapana," Nasipwondi akasema. "Hiyo imetoka godauni gani imevunjwa? Nataka kitu najua nani amepika. Busaa ya unga, imechachuka kwa sufuria mtu anaona. Nani bado anapika?"

Nilijua nani. Nereah, Soweto East. Alikuwa jirani yetu, mjane aliyetoka Alego, na tangu Nthenya afe nilikuwa nimempita miaka miwili bila salamu, ingawa hakuwahi kutuuzia hata tone la ile sumu. Alipika pombe, hiyo ilinitosha.

Nilitembea na jeri tupu. Ngong Road bila magari ni pana kama mto uliokauka. Kiti cha sofa kilikuwa katikati ya barabara, kizuri, cha maua, hakuna aliyekikalia. Ndala moja. Karatasi za kura, au za matangazo ya kura, zilizunguka kwenye upepo, na nyuso zile kubwa zikawa zinatabasamu chini, zinageuka, zinatabasamu tena. Moshi wa machozi uliokaa kwenye majani ulinifanya nilie bila sababu, nikaona ni vizuri, mtu akiniuliza nitasema ni huo.

Penye kuingilia Kibera vijana walikuwa wamepanga mawe.

"Buda, unaitwa nani?"

"Nyamai."

"Hiyo ni jina ya wapi?"

"Ya fundi. Mlango ya kwa Nereah, ile ya buluu, ni mimi nilitengeneza."

Mmoja akageukia mwenzake. "Ile huwa haifungi?"

"Ndiyo hiyo," nikasema.

"Pitisha huyu. Amekuja kurudia kazi."

Nereah alikuwa amekaa juu ya chungu kilichopinduliwa, mlango wake uko wazi kwa sababu haufungi. Hakusimama.

"Baba Mutheu. Umekuja kutengeneza mlango, ama umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kutafuta busaa."

"Wewe."

"Si yangu, Nyar Alego," nikasema, nikimwita binti wa kwao. "Ni ya Kavoi."

"Nikupe umpelekee akafie mbele?"

"Nikipeleka ndiyo asife." Nikamweleza yote, hata kufuli. Ile ya Nthenya sikusema.

Alisikiliza akikuna goti. "Serikali inakuja kunimwagia. Kanisa inakuja kuniombea nikome. Wewe unanipita kama choo. Leo ndiyo mmejua nilikuwa napika nini." Lakini alikuwa ameshainuka. Alichuja busaa kwa kitambaa safi, ile ya unga wa mahindi na wimbi, nene na ya rangi ya mchanga, akaijaza jeri. Kabla ya kunipa alimimina kidogo kwenye kibuyu akanywa yeye kwanza, ananitazama machoni, kama mpishi wa kwao anavyofanya ili mnunuzi ajue hakuna kitu ndani.

"Mama Mutheu angenyweshwa na mimi," akasema, "angekuwa hapa ananicheka."

Nilisema nitarudi kuutengeneza mlango.

Nilipokaribia Kawangware nilikuta vijana wengine, mawe mengine, macho ni yale yale.

"Mzee, jeri ni ya nini?"

"Busaa."

"Kutoka upande ule? Hiyo ni petroli. Unaenda kuchoma nyumba ya nani?"

"Nusa."

"Kunusa ni ya mbwa. Kunywa."

Tangu mazishi sikuwa nimegusa pombe na niliapa sitagusa. Nikainua jeri. Ilikuwa chachu, na moshi kidogo wa kuni. Nikafumba macho katikati ya barabara, panga liko mbele ya pua yangu, na nilichongoja si wao waniachilie. Nilingoja leso ya kijani. Nilifikiri labda ndiyo njia, labda mtu anafungua mdomo tu na mlango wa upande ule unafunguka. Nikameza tena. Niliona wekundu wa jua kwenye kope zangu, basi.

"Iko sawa," kijana akasema. "Leta na sisi tuhakikishe."

Walihakikisha karibu nusu.

Kavoi alikuwa ameamka, amelowa, anavuta vuta shuka kama anang'oa magugu. Nasipwondi alimpa mimi nikiwa nimemshika kichwa. Busaa, nusu ya kikombe cha chai. Tukangoja. Uji. Maji. Tukangoja tena, saa yake ya mkono imewekwa juu ya stuli. Ile degedege haikurudi. Mikono ikawa inatetemeka kama majani, halafu kama maji.

Alhamisi mji ulifungwa kabisa. Polisi walijaa barabarani kwa sababu ya mkutano wa wakubwa, na mabomu ya machozi yalilia siku nzima kama mtu anayekung'uta magodoro. Hatukuweza kutoka. Nilikaa naye, Nasipwondi akapata usingizi kwenye kiti.

"Yuko wapi sasa?" nikamwuliza Kavoi polepole.

"Amekaa hapo." Akaelekeza macho penye ukuta. "Anafunga leso."

"Anasema nini?"

"Anaongea chini chini. Simsikii vizuri."

Kila kikombe kilimpeleka Nthenya mbali. Asubuhi alikuwa kitandani, mchana alikuwa ukutani, na alasiri Kavoi alisema amesimama nje kwenye jua na hana uhakika kama ni yeye au ni shati limeanikwa. Mtetemeko ulikuwa umepungua, macho yalianza kukaa mahali pamoja. Nilikuwa nimeshika kikombe kingine mkononi. Nilijua ninachomimina. Miaka miwili iliyopita nilimwambia mke wangu alale, na sasa nilikuwa namwambia tena.

"Saa imefika, Baba Mutheu," Nasipwondi akasema. Alikuwa ameamka, sijui tangu lini.

"Dakika moja."

"Unaongea na nani?"

Alinitazama, mama wa watu ambaye hajalipwa, macho mekundu, fulana ya kliniki imechanika bega. Hakunikaripia. Alingoja tu, na kidole chake juu ya saa.

"Nthenya," nikasema kwa ule upande wa jua. Nikamwinua Kavoi kichwa, nikamnywesha mpaka mwisho.

Ijumaa saa tatu mawe yaliondolewa upande wetu. Urbanus alileta mkokoteni wake wa makaa, ameuosha na kutandika gunia safi, na hakusema neno la Biblia hata moja. Alishika mbele, mimi nikasukuma, Nasipwondi akatembea kando ameshika mkono wa mgonjwa. Kliniki walimpokea, wakamdunga sindano, wakamtundikia maji. Muuguzi akasema siku moja zaidi ndani ya ile kufuli na tungekuwa tunatafuta seremala wa jeneza. Nikamwambia mimi ni seremala. Hakucheka.

Alilala siku mbili. Nilikaa kwenye benchi kando ya kitanda, na nje ya dirisha redio ya mlinzi ilisema wakubwa wamekubali kuzungumza, halafu ikasema hawajakubali.

Jumapili mchana Kavoi alifungua macho. Yalikuwa meupe, sikuwahi kuyaona hivyo tangu alipokuwa kijana.

"Shemeji," akasema. "Nasikia njaa."

Nikachukua kikombe cha uji. Nikakoroga, nikakoroga tena.

"Na Nthenya?" nikauliza.

Aliniangalia. Alitafuta jambo usoni mwangu, na alipolipata aliinua ule mkono wa sindano, taratibu, akauweka juu ya wangu, kana kwamba mimi ndiye niliyelazwa.

"Shemeji," akasema, "Nthenya si alikufa."

"Najua," nikasema, nikampulizia uji.